Ulimi na Jiwe

Siku ya kwanza Dakta Semhando hakunipa nyundo.
Alinipa mswaki mkuukuu, chekeche, penseli
na mifuko hamsini ya khaki,
akasema: andika namba kabla hujashangaa.

Nilikuja na mijusi mikubwa kichwani,
fuvu pana kama meza ya bwalo,
mimi kando yake, napigwa picha.
Kumbe kazi ni kuchuchumaa.
Mtaka cha mvunguni huinama, wanasema;
nimeinama wiki ya sita sasa
na mvungu wenyewe hauna kitanda.

Kiomoni, saa nne, king'ora.
Baruti inakohoa, kilima kinashuka ngazi moja,
vumbi linatutia sote mvi,
hata Sechonge wa miaka ishirini na miwili.
Kisha nusu saa ni yangu,
nusu saa kati ya moshi na makatapila
ya kuliuliza jiwe swali kabla halijawa saruji.

Bahari ilikuwa hapa. Si ile ya Raskazone
ya watoto kuogelea na kugombea mihogo;
nyingine, bibi yake,
iliyoondoka bila kuaga, ikaacha vyombo havijaoshwa:
magamba, miiba, vikombe vya viumbe
ambao majina yao ya Kilatini
yananichubua ulimi.
Sechonge huyaita masikio ya majini,
na yeye hayakosei.

La kwanza nililipasua mwenyewe.
Lilikuwa limejizungusha
kama donge la chapati kabla halijasukumwa,
zima, halina haraka na mtu.
Nikapiga. Pigo moja la pupa.
Vipande vinne.
Nilitaka kuvitia mfukoni, ninyamaze.
Dakta akaninyooshea penseli.
Nikaandika: Namba 31. Limevunjika. Kosa langu.
Akasoma, akafunga daftari:
sasa umeanza.

Jioni, Makorora, nimekaa uani
nalamba mawe. Ndivyo tunavyofundishwa:
jiwe huteleza, mfupa hunata ulimini,
vitundu vyake bado vina kiu.
Mama akatokea na sufuria.
Akatazama mawe, akatazama tumbo langu.
"Hidaya. Udongo huo unaulamba tangu lini?
Na mwenyewe ni nani?"
Nikacheka hadi nikapaliwa
na vumbi la miaka milioni mia na ushee.
Nikamwonyesha ukuta wetu: matofali, saruji ya kule kule.
Mama, hao ni konokono wamesagwa.
Tunalala ndani ya bahari.
Akapapasa ukuta kwa kiganja chenye unga,
akanuna kidogo.
"Ndiyo maana unatoka chumvi."

Jana, dakika ya ishirini na saba,
katapila la Sechonge limeshawaka, meno yako juu,
nikaona weusi katikati ya weupe,
kitu kidogo kama ukucha wa kidole gumba.
Niliandika namba kwanza, naapa.
Kisha nikakigusa kwa ulimi.

Kikanata.

Sechonge akazima injini.
Sijawahi kuyasikia machimbo yakinyamaza vile.
"Vipi, Hidaya? Umepata nini?"
Nami nimepiga magoti, mdomo wazi,
siwezi kujibu,
ulimi wangu umeshikwa
na kitu kilichokufa
kabla neno kufa halijapata msemaji.

Baadaye, mkono ukitetemeka:
Namba 112. Huenda mfupa. Huenda wa samaki.
Dakta amepiga mstari chini ya kila "huenda",
sijui ananisifu au ananionya.
Usiku sikulala. Nilikuwa nikipitisha ulimi
juu ya meno yangu mwenyewe, moja moja,
kama mtu anayehesabu fedha za mwenziwe.

Na leo asubuhi Sechonge ameniuliza,
akifuta kioo cha katapila kwa kanga kuukuu,
kama mfupa ule una ladha.
Nikamwambia hauna. Una kiu tu.
Alitaka kusema jambo,
lakini king'ora kikalia,
tukakimbia.